Kubernetes Haiamrishwi, Huandikiwa

*Haya ni maneno niliyozungumza mbele ya mafundi wa mifumo na waandishi wa programu waliokusanyika Dar es Salaam. Wengi waliokosa kufika waliomba maandishi. Picha za ukutani nimeziacha; maneno ni yale yale.*

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana wenzangu, habari za asubuhi. Mliotoka Arusha, Dodoma na Mwanza, na ndugu zetu mliovuka mpaka kutoka Nairobi na Kampala, poleni na safari, karibuni sana.

Naomba nianze kwa swali. Ni wangapi humu ndani mmewahi kunakili amri ya kubectl, zana ya kuzungumza na Kubernetes, kutoka mtandaoni, ikafanya kazi, na hamkujua kwa nini? Nyoosheni mikono. Naona mingi. Haya, na ni wangapi, siku amri hiyo hiyo ilipogoma, mlijua pa kuanzia kutafuta? Mikono imepungua. Hilo pengo kati ya mikono ya kwanza na mikono ya pili ndilo lililonileta hapa leo.

Kuna sentensi moja ninayotaka mwondoke nayo, nami nitairudia: Kubernetes haiamrishwi, huandikiwa. Kwa aliye mgeni: Kubernetes ni mfumo wa kuendesha programu juu ya seva nyingi kwa pamoja; kundi la seva hizo huitwa klasta, na kila seva ni nodi.

Sisi tuliokulia kwenye SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, tumezoea kuamrisha. Unaingia kwenye seva, unasimamisha programu ya zamani, unanakili mpya, unaiwasha, unafungua poti, unatoka. Seva ikianguka saa nane usiku, amri zako zote zimeanguka nayo. Hakuna anayezikumbuka isipokuwa wewe, na wewe umelala. Kwenye Kubernetes unaandika hali unayoitaka. Unaandika: nataka nakala tatu za programu hii, imeji yake, yaani kifurushi chake, ni toleo hili, kila nakala itengewe memori megabaiti 256. Ukishakabidhi maandishi hayo, zipo programu ziitwazo vidhibiti, ambazo kazi yake mchana na usiku ni kulinganisha kilichoandikwa na kilichopo, kisha kuondoa tofauti.

Mnalijua tangi la maji lenye boya ndani. Boya halihesabu ndoo mlizochota. Halijui nani kaoga wala nani kafua. Linaangalia jambo moja tu: maji yamefika wapi. Yakishuka linafungua, yakijaa linafunga. Maji ya bomba yakikatika siku mbili kisha yakarudi, hakuna anayekwenda kulisimulia boya yaliyotokea. Usawa umeshuka, basi linafungua. Kila kidhibiti ndani ya Kubernetes kimejengwa hivyo. Hakitegemei kukumbuka matukio, kinatazama hali. Ndiyo maana kidhibiti kinaweza kufa, kikawashwa tena baada ya dakika kumi, na kazi ikaendelea bila mtu kukieleza kilichopita.

Wazo hili lilipikwa muda mrefu. Google walikuwa wakiendesha seva zao kwa mfumo wa ndani uitwao Borg kwa zaidi ya muongo mmoja kabla ya kueleza hadharani, mwaka 2015, jinsi ulivyofanya kazi. Kubernetes yenyewe waliitangaza Juni 2014. Waanzilishi wake ni Joe Beda, Brendan Burns na Craig McLuckie. Toleo la 1.0 lilitoka tarehe 21 Julai 2015, na mradi ukawekwa chini ya taasisi ya CNCF (Cloud Native Computing Foundation), iliyo ndani ya Linux Foundation, ili usibaki mali ya kampuni moja. Napenda sana kwamba wahandisi wa Borg waliandika waziwazi yaliyowasumbua. La kwanza: kwenye Borg, programu zote za mashine moja zilitumia anwani moja ya IP, hivyo ikabidi kugawana poti. La pili: kulikuwa na njia moja tu ya kuzikusanya kazi kwenye makundi, basi watu wakawa wanasukumiza maelezo ndani ya majina ya kazi, majina yakawa marefu, kisha wanaandika programu za kuyachambua. Kubernetes ilijibu malalamiko yote mawili. La kwanza lilijibiwa kwa podi, la pili kwa lebo, ambayo nitaifikia baadaye.

Podi nitaipitia haraka. Kontena si mashine ndogo ndani ya mashine kubwa, na anayekuambia hivyo anakupoteza. Kontena ni programu ya kawaida ya Linux iliyofungiwa isione programu nyingine, ikapimiwa CPU na memori yake. Kerneli, yaani kiini cha Linux, ni ile ile ya seva. Uwezo wa kupimia, uitwao cgroups, ulianza kuandikwa na wahandisi wa Google mwaka 2006 na ukaingia kwenye kerneli ya Linux mwaka 2008. Docker walipotokea mwaka 2013 walifanya jambo hilo liwezekane kwa mtu wa kawaida mwenye kompyuta moja. Podi ni kontena moja au zaidi yanayokaa pamoja kwenye nodi moja na kutumia anwani moja ya IP, na anwani hiyo ni ya podi yenyewe. Programu zako mbili zinaweza kutumia poti 8080 kwenye seva ile ile bila kugombana.

Podi ikifa, hairudi. Inayokuja baada yake ni nyingine, yenye anwani nyingine. Nani basi anayeileta hiyo nyingine?

Hebu tufuatane na faili moja. Umeandika faili ya YAML ya deploimenti, yaani maelezo ya programu na idadi ya nakala zake, hapa tatu, ukabonyeza Enter. Kinatokea nini?

Faili inafika kwenye seva ya API, mlango wa klasta. Kila kitu ndani ya klasta kinapita hapa, na hakuna njia ya kando. Seva ya API inauliza: wewe ni nani? Unaruhusiwa kufanya hili? Ulichoandika kina mantiki? Ikiridhika, inaandika kwenye etcd, ambayo ni hifadhidata ya klasta, kisha inakujibu kwamba deploimenti imeundwa. Angalieni vizuri hapo: hakuna hata kontena moja lililowaka. Umejibiwa kwamba imeundwa, na kilichoundwa ni maandishi tu.

Sasa kidhibiti cha deploimenti, ambacho muda wote kinasikiliza seva ya API, kinaona deploimenti mpya isiyo na replikaseti, yaani maandishi ya idadi ya podi zinazotakiwa. Kinaandika replikaseti. Kimemaliza. Kidhibiti cha replikaseti kinaona zinatakiwa podi tatu na zilizopo ni sifuri. Kinaandika podi tatu, ambazo bado hazina nodi. Kimemaliza. Kipangaji kinaona podi tatu ambazo sehemu ya jina la nodi iko wazi. Kinazichuja nodi zisizofaa, kinazipa alama zilizobaki, kinachagua, kinaandika jina la nodi. Kimemaliza, na hakijawasha chochote. Kwenye nodi iliyochaguliwa kuna programu iitwayo kubelet. Hiyo inaona podi yenye jina la nodi yake. Inaiambia containerd, programu ya kuendesha makontena, ivute imeji na kuwasha kontena, na programu ya mtandao, iwe Calico, Flannel au Cilium, inaipa podi anwani. Podi ikishapita kipimo cha utayari, kidhibiti kingine kinaongeza anwani yake kwenye orodha ya wanaopokea maombi. Kube-proxy katika kila nodi inaona orodha imebadilika, inarekebisha kanuni za mtandao.

Ndugu zangu, je, mmesikia mahali popote kipangaji kikiipa kubelet amri? Mmesikia kidhibiti kimoja kikikiamrisha kingine? Hakuna. Kila mmoja anasoma, anafanya sehemu yake, anaandika. Haiamrishwi, huandikiwa, hata na wao kwa wao.

Na huu si urembo wa nadharia. Ukiujua mnyororo huu, unajua pa kutafuta. Podi imeganda kwenye Pending? Kipangaji hakijaandika jina la nodi, basi kiulize kwa nini. Imepata nodi lakini iko ContainerCreating? Nenda kwa kubelet, mtandao au diski. ImagePullBackOff? Imeji haivutiki: jina limekosewa au hati ya kuingilia haipo. Ni Running lakini watumiaji wanapata ukimya? Basi tatizo liko kwenye lebo au kwenye kipimo cha utayari, na tutafika huko. Kila hali unayoiona kwenye skrini inakuonyesha nani kaishia wapi.

Kuna kijana mmoja, fundi mzuri, aliyeniuliza akiwa amekasirika: nodi yangu inatumia asilimia kumi tu ya CPU, mbona podi mpya inakataliwa kwamba hakuna nafasi? Jibu ni kwamba kipangaji hakitazami kinachotumika. Kinatazama kilichoombwa. Podi zilizotangulia ziliomba CPU nyingi kwenye maandishi, hata kama hazizitumii, na kipangaji kinaheshimu maandishi. Upande wa pili una hatari kubwa zaidi: podi zisizoomba chochote kipangaji huziona kama hazina uzito, kikazirundika kwenye nodi moja, na siku ya msongamano kerneli inaanza kuziua kwa kukosa memori. Nawasihi, andikeni maombi ya CPU na memori kwa kila kontena, na myaandike kwa kupima. Nimeona timu nyingi zikitumia wiki nzima kuchagua zana za ufuatiliaji huku mistari hii minne imeachwa wazi.

Utaratibu huu unastahimili nini? Julai 2016 mchezo wa Pokémon GO ulizinduliwa, ukiendeshwa juu ya Kubernetes kwenye huduma ya Google. Walikuwa wamekadiria kiwango fulani cha maombi, na kwa hali mbaya kabisa wakajiandaa kwa mara 5 ya kiwango hicho. Dakika 15 baada ya kuzinduliwa Australia na New Zealand, makadirio yalikuwa yamepitwa. Mwishowe maombi yalifika mara 50 ya lengo. Mara 50! Wachezaji walikwama, tusidanganyane, na wahandisi wa Google na wa Niantic, waliotengeneza mchezo, hawakulala. Lakini fikirini kama kila seva mpya ingehitaji mtu wa kuingia na kuamrisha. Kabla ya kuzindua Japani klasta ile ilihamishiwa toleo jipya, likaruhusu kuongezwa zaidi ya nodi elfu moja, huku wachezaji wakiendelea kucheza. Nakala za ziada ziliandikwa, nodi zikaongezwa, na vidhibiti vikajaza pengo.

Sasa turudi kwenye seva ya API, maana nilisema kila kitu kinapita hapo, na mmesikia uzuri wake tu. Je, ikilemewa?

Tarehe 11 Desemba 2024, ChatGPT na huduma nyingine za OpenAI zilizimika kwa saa kadhaa. Kampuni yenyewe ilieleza sababu hadharani. Walikuwa wamepeleka programu mpya ya kukusanya taarifa za mwenendo wa klasta. Programu hiyo ilifanya kila nodi ipeleke maombi mazito kwa seva ya API, na uzito wake ulikua kadiri klasta ilivyokuwa kubwa. Kwenye majaribio haikuonyesha tatizo. Kwenye klasta kubwa, maelfu ya nodi yalishuka kwa pamoja juu ya seva za API, zikalemewa.

Hapo mtu anaweza kusema: sawa, uongozi wa klasta, yaani seva ya API na wenzake, umeanguka, lakini podi zinaendelea, sivyo? Ni kweli kwa kawaida. Podi iliyokwisha kuwaka haihitaji seva ya API ili ijibu ombi la mtumiaji. Lakini podi zile zilitafutana kwa majina kupitia DNS ya ndani ya klasta, inayogeuza majina kuwa anwani, na DNS hiyo ilitegemea seva ya API kujua nani yuko wapi. Kwa muda majibu ya zamani yaliyohifadhiwa yaliendelea kutumika, na hilo likaficha tatizo wakati mabadiliko yakizidi kusambaa. Majibu yalipoisha muda wake, huduma zikaanza kupoteana. Kisha ikaja sehemu iliyonigusa zaidi: ili kuiondoa programu mbovu, wahandisi walihitaji kuandika kwenye seva ya API, ile ile isiyofikika. Ilibidi wapunguze ukubwa wa klasta, wazuie njia za mtandao za kuifikia API, na waziongezee seva za API uwezo, mpaka wakapata upenyo wa kuingia.

Ninachowaomba ni hiki: siku mnapoweka programu yoyote inayokaa kwenye kila nodi, iwe ya kumbukumbu, ya ulinzi au ya ufuatiliaji, ulizeni inaisemesha seva ya API mara ngapi, kisha zidisheni kwa idadi ya nodi. Na njia ya kuingia wakati wa dharura iandaliwe kabla ya dharura.

Nyuma ya seva ya API iko etcd. Hii ndiyo inayokumbuka. Seva ya API haina kumbukumbu yake, kipangaji hakina, vidhibiti havina. Ukipoteza etcd bila nakala ya akiba, klasta yako imesahau kila ulichowahi kuiandikia. Etcd hukubaliana kwa wingi: wanachama 3 huvumilia kifo cha mmoja, 5 huvumilia vifo viwili. Je, wanachama 4? Huvumilia kifo cha mmoja tu, sawa na 3, kwa gharama kubwa zaidi. Ndiyo maana namba zake ni witiri. Kanuni wanayoitumia kukubaliana inaitwa Raft, iliyobuniwa na Diego Ongaro na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha Stanford. Chukueni nakala ya akiba kila siku. Kisha, na hapa nasisitiza, jaribuni kuirudisha.

Nasisitiza kwa sababu ya kisa kinachofuata, ambacho kinatuleta kwenye lebo.

Lebo ni neno dogo unalolibandika kwenye kitu: programu ni malipo, mazingira ni uzalishaji, toleo ni la tatu. Kiteuzi ni sentensi inayosema nataka vyote vyenye lebo fulani. Mnakumbuka nilisema podi ikifa inakuja nyingine yenye anwani nyingine? Basi watumiaji wanaipataje? Kubernetes ina kitu kiitwacho Service, mimi nitakiita huduma. Huduma inabaki na jina moja na anwani moja, na ndani yake kuna kiteuzi tu: peleka maombi kwa podi yoyote iliyo tayari yenye lebo hii. Huduma haijui majina ya podi. Replikaseti nayo haijui. Inahesabu zenye lebo. Klasta nzima imeunganishwa kwa uzi huu mwembamba wa maneno yanayolingana.

Na neno likiacha kulingana? Hakuna kengele. Kiteuzi kisichopata kitu si kosa mbele ya Kubernetes. Umeomba vyote vyenye lebo hii, vimepatikana sifuri, jibu ni sahihi. Hilo ndilo linalonitisha kuliko jambo lolote jingine katika mfumo huu, na sioni likizungumzwa inavyostahili.

Tarehe 14 Machi 2023, wahandisi wa Reddit walikuwa wanapandisha moja ya klasta zao za zamani kutoka toleo la 1.23 kwenda 1.24. Muda mfupi baadaye mtandao mzima wa Reddit ukazimika. Dakika 314. Wamesimulia wenyewe, kwa undani na kwa uungwana mkubwa, na ninawaheshimu kwa hilo. Nini kilitokea? Nodi za uongozi zilikuwa na lebo ya asili yenye neno «master». Jumuiya ya Kubernetes iliamua kulibadilisha neno hilo kuwa «control-plane». Lebo mpya ilianza kubandikwa tangu toleo la 1.20, zote mbili zikakaa pamoja kwa muda, na katika 1.24 ya zamani ikaondolewa. Kwenye klasta ile, miaka ya nyuma, mtu alikuwa ameiwekea Calico mpangilio kwamba nodi zenye lebo ya «master» ndizo zitakazowagawia wenzao ramani ya njia za mtandao. Mpangilio huo haukuwa umeandikwa kwenye hazina ya msimbo wa timu. Lebo ilipoondoka, kiteuzi kikapata nodi sifuri. Hakuna kosa lililopigiwa kelele. Nodi zikaacha kupokea njia, podi za nodi moja zikawa hazijui zitafikaje kwa podi za nodi nyingine.

Fikirini mko chumbani mle. Dalili ziko kila mahali: DNS imekufa, kipimo hiki chekundu, kile chekundu. Sababu ni neno moja. Waliamua kurudisha klasta kutoka kwenye nakala ya akiba, maana Kubernetes haina njia rasmi ya kushusha toleo. Na maelekezo ya kurudisha yalikuwa yameandikwa kabla klasta haijabadilishiwa programu ya kuendesha makontena, hivyo ikabidi wayarekebishe huku dunia ikisubiri. Ndiyo maana nimesema jaribuni kurudisha. Msijaribu siku ya kilio.

Kwa hiyo kabla ya kupandisha toleo, msisome tu orodha ya vitu vipya. Someni orodha ya vilivyoondolewa, kisha tafuteni kila kiteuzi kwenye klasta yenu, hasa kilichoandikwa na mtu aliyekwisha kuondoka kazini.

Nizungumzie nodi, na hili linatuhusu sisi wa pwani hii moja kwa moja. Kubelet ya kila nodi hupeleka salamu kwa uongozi kila sekunde 10. Salamu zikikosekana kwa sekunde 40, au 50 katika matoleo mapya, nodi inahesabiwa haijulikani iliko. Zikipita dakika 5, podi zake zinapangiwa kuondolewa na nyingine kuandikwa mahali pengine. Sasa kumbukeni Mei 2024. Tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikasuasua Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Tuseme nodi zako za kazi ziko Dar es Salaam na uongozi wa klasta uko Ulaya. Nini kinatokea?

Nodi hazifi. Kubelet haisikii kutoka kwa uongozi, lakini ina maandishi ya mwisho iliyopewa, nayo inaendelea kuyatimiza: kontena likianguka, inaliwasha tena. Mteja wako aliye Kariakoo, akiwa kwenye mtandao wa ndani, anaweza kuendelea kuhudumiwa. Uongozi nao, ukiona nodi zote zimenyamaza kwa mkupuo, hudhani kwamba tatizo ni njia, na husitisha kuwaondoa. Waliobuni walilifikiria hili. Lakini kama nusu ya nodi ziko huku na nusu kule, mambo hubadilika: podi za huku zinaweza kuandikiwa mbadala kule, na kwa muda mkawa na nakala mbili zinazojiona kila moja ni ya halali. Kwa programu isiyohifadhi kitu si neno. Kwa programu ya malipo ni balaa, na ulinzi wake lazima uujenge ndani ya programu na hifadhidata yake.

Na kitu kimoja msikifanye kabisa: msitawanye wanachama wa etcd kati ya Dar es Salaam na Ulaya. Kwa mipangilio yake ya kawaida hupeana ishara kila milisekunde 100, na safari ya kwenda Ulaya na kurudi huweza kuzidi hapo hata nyaya zikiwa nzima. Klasta moja ikae sehemu moja. Ukihitaji sehemu mbili, jenga klasta mbili.

Usalama nitaugusa kidogo kwa kuwa una kikao chake mchana. Februari 2018 kampuni ya ulinzi RedLock ilieleza kwamba ilikuta dashibodi ya Kubernetes ya Tesla iko wazi kwenye intaneti bila nywila. Watu walikuwa wameingia na kuwasha podi za kuchimba sarafu za kidijiti, na ndani ya podi mojawapo kulikuwa na funguo za akaunti ya Amazon. Mkumbuke nilichosema: anayeweza kuandika kwenye seva ya API ndiye mwenye klasta. Na zile zinazoitwa Secret, mnamowekwa nywila na funguo, zisiwadanganye kwa jina. Zimegeuzwa tu kwa base64, mwandiko ambao yeyote anaweza kuurudisha, na bila kuwasha usimbaji mwenyewe, kwenye etcd zinakaa zikisomeka.

Mtaniuliza, na tayari nimeulizwa mlangoni: je, sote tunahitaji Kubernetes? Hapana. Kama una programu moja, seva mbili na fundi mmoja, bakia na systemd, programu ya Linux ya kuwasha na kusimamia huduma, na Docker, ulale usingizi. Klasta inadai etcd itunzwe, hati za siri zihuishwe, na toleo lipandishwe karibu kila mwaka, maana kila toleo husaidiwa kwa takriban miezi 14 tu. Inaanza kulipa pale programu zinapokuwa nyingi, timu zinapokuwa zaidi ya moja, na kuanguka kwa seva moja usiku kunapokuwa jambo lisilostahili kumwamsha mtu. Semeni hapana bila aibu kwa mkubwa wa kazi anayeitaka kwa sababu ameisikia mkutanoni. Hata kama mkutano wenyewe ni huu.

Sasa tufungue kompyuta. Kwenye meza kuna nyaya za umeme, na wasaidizi wamezipakua imeji zote mapema ili tusigombanie intaneti. Kila meza itainua klasta ya nodi tatu kwa kutumia kind, zana ya kuendesha klasta ndani ya kompyuta moja. Gaweni kazi: mmoja afuatilie matukio ya klasta kwenye dirisha lake, mmoja atazame orodha ya podi, mwingine afute podi moja. Andikeni nani kaona nini kwanza. Kisha badilisheni lebo ya podi moja, msiifute, mtazame replikaseti inafanya nini na ile podi iliyoachwa inabaki wapi. Mwisho zimeni nodi moja nzima, mshike saa. Meza itakayoona jambo tofauti na nililolisema iniite, twende tukalisome pamoja.